Shingo ya Gitaa Kavu: Pana au Nyembamba?

Kupiga gitaa kavu kwa vidole ni kazi ya mikono miwili isiyofanana. Mkono wa kushoto hubana nyuzi juu ya freti. Wa kulia hudonoa, gumba likishika besi na vidole vingine vikijibu kwenye nyuzi nyembamba. Wepesi wa kazi hiyo hutegemea vipimo vitano vya shingo na vya nyuzi zinazopita juu yake: upana wa shingo kwenye nati, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji ya nyuzi karibu na funguo, nafasi kati ya uzi na uzi darajani, unene na umbo la mgongo wa shingo, urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, na kimo cha nyuzi juu ya freti. Kipimo kimoja kikikataa mkono, mpigaji huchoka mapema, noti hukatika, na mwanafunzi hudhani kosa ni la vidole vyake.

Katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu gitaa limefika kwa njia tatu, na kila njia ilikuja na shingo yake. Ya kwanza ni bendi. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliokuwa wamepigia Jamhuri Jazz huko Tanga, walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William; mwaka uliofuata walielekea Kenya na kuanzisha Simba Wanyika. Urithi wa bendi za aina hiyo ni gitaa la umeme, la solo na la ridhim, lenye shingo nyembamba ya milimita 41 hadi 43 kwenye nati.

Njia ya pili ni kanisa na shule. Kwaya zina magitaa yake, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichoko Usa River, chini ya Meru, kinafundisha muziki kwa ngazi ya shahada. Mtu anayejifunza kwa kusoma noti mara nyingi hukutana na gitaa la klasiki, lenye nyuzi za nailoni na shingo ya milimita 52.

Njia ya tatu ni gitaa la vidole la Katanga, huko Kongo. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na wimbo wake wa “Masanga” ukawa kielelezo kwa wapigaji wa Afrika ya Kati na Mashariki. Alidonoa kwa gumba na kidole cha shahada, akaimba kwa Kiswahili, na upigaji wake ukawa na uzito kiasi kwamba mtafiti David Rycroft aliuandika kwa noti katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliujenga mtindo wa omutibo juu ya udonoaji wa vidole vivyo hivyo.

Mjadala unaofuata unaziweka njia hizo mbele ya msomaji kwa sauti tatu. Mwalimu amejifunza gitaa la klasiki na anafundisha kudonoa kwa gumba na vidole vitatu. Mpigaji amelelewa na bendi na santuri za Katanga, naye anadonoa kwa gumba na shahada. Fundi ni mzee anayetengeneza magitaa yaliyoharibika. Yeye hana upande, anachoangalia ni kipimo.

Hoja ya kwanza: upana kwenye nati

Mwalimu anaanza na mkono wa kushoto. Kwake, shingo nyembamba ndiyo chanzo cha noti zilizozimika. “Mwanafunzi anabana kodi ya C vizuri kabisa,” anasema, “lakini kidole cha shahada kinagusa uzi wa kwanza ulioachwa wazi, na uzi ule unakufa. Anayekwangua nyuzi zote kwa pamoja hasikii kasoro hiyo. Anayedonoa uzi mmoja mmoja anaisikia kila mara.”

Hesabu inamuunga mkono. Nyuzi za pembeni hukaa takriban milimita 3 kutoka ukingo wa shingo, na nyuzi sita hufanya nafasi tano. Kwa hiyo nati ya milimita 43 hutoa karibu milimita 7.4 kutoka katikati ya uzi hadi katikati ya uzi unaofuata. Nati ya milimita 44.5 hutoa 7.7, ya 47.6 hutoa 8.3. Gitaa la klasiki lenye milimita 52, ambalo huacha ukingo mpana zaidi kidogo, hutoa karibu 8.8. Ncha ya kidole cha mtu mzima ni pana kuliko nafasi zote hizo. Hakuna shingo inayomwezesha mtu kulaza ncha ya kidole kati ya nyuzi mbili bila kugusa kitu. Kinachobadilika ni kiasi cha kosa ambacho shingo inakisamehe kabla uzi wa jirani haujaguswa.

Mpigaji anajibu kwa heshima, ila hakubali. “Mwalimu, kidole kikisimama wima kwa ncha, hata 43 inatosha. Wengi wetu tulianza kwenye gitaa la umeme la bendi, na nyuzi zinalia. Shingo pana inanifanya nisafiri mbali kuufikia uzi wa sita, na mkono unachoka kwa safari hizo.”

Historia ya viwanda inaonyesha kwamba pande zote mbili zimewahi kusikilizwa. Kampuni ya Martin ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1833, ilikuwa ikitengeneza magitaa yenye freti 12 nje ya kiwiliwili na nati ya inchi 1 na 7/8, ambayo ni milimita 47.6. Hayo yalikuwa magitaa ya vidole. Mwaka 1929 ilileta modeli ya OM yenye freti 14 nje ya kiwiliwili na nati ya milimita 44.5, iliyowalenga wapigaji wa banjo waliokuwa wakihamia kwenye gitaa. Mwaka 1939 ikapunguza tena shingo za baadhi ya modeli hadi milimita 43, wakati upigaji wa kukwangua ulipokuwa umetawala. Kila mara shingo ilipopunguzwa, aliyefikiriwa zaidi alikuwa mtu wa kukwangua, na aliyebaki kuvumilia alikuwa mtu wa kudonoa.

Fundi anaongeza jambo ambalo wengine wamelipita. “Wanangu, tofauti ya 43 na 44.5 ni milimita moja na nusu. Igaweni kwa nafasi tano: kila uzi umeongezewa sehemu tatu za kumi za milimita. Vidole vinaihisi, sibishi. Lakini nimeona nati zilizochongwa ovyo kiwandani, mifereji imesogezwa ndani hadi upande mmoja milimita nzima imelala bure. Nati mpya ya mfupa wa ng'ombe, ikipigwa tupa kwa makini, inarudisha nafasi hiyo kwa gharama ndogo kuliko gitaa jipya.” Anatoa onyo pia: mifereji ikisogezwa nje kupita kiasi, uzi wa kwanza huteleza nje ya freti mtu anapoubana.

Hoja ya pili: nafasi ya nyuzi darajani

Wanunuzi wengi hupima nati peke yake, na hapo ndipo mjadala mwingi unapopotea. Mkono wa kulia haufanyi kazi kwenye nati. Hudonoa karibu na tundu la sauti, umbali wa sentimita 15 hivi kutoka daraja. Nyuzi hutanuka zinapoelekea darajani, na upana wa pale ndio unaoamua hali ya mkono huo.

Magitaa ya nyuzi za chuma huwa na milimita 54 hadi 57 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita darajani. Ya klasiki huwa na takriban 58. Kwa gitaa la chuma lenye nati ya 44.5 na daraja la 54, nafasi ya uzi na uzi mahali vidole vinapodonoa ni kama milimita 10. Kwa la klasiki ni kama milimita 11. Na kwa kuwa mahali hapo pako karibu zaidi na daraja, kuongeza milimita moja kwenye nati huongeza chini ya robo ya milimita kwa upana wote chini ya vidole vya kulia. Nati inahusu mkono wa kushoto. Daraja linahusu wa kulia.

Mwalimu anaeleza sababu ya kutaka nafasi kubwa. Katika mfumo wa klasiki, uliopata sura yake ya kisasa kupitia wapigaji kama Francisco Tárrega wa Hispania, gumba hushika nyuzi za besi, na shahada, cha kati na cha pete hukaa juu ya nyuzi tatu nyembamba, kila kimoja na uzi wake. Vidole vitatu vikikaa ubavu kwa ubavu juu ya nyuzi zilizosongamana, kimoja hukigusa kingine, kucha hunasa uzi wa jirani, na noti inayofuata huchelewa.

Mpigaji anasimulia hali tofauti. “Mimi natumia gumba na shahada. Gumba linakaa kwenye besi, shahada inaruka kati ya uzi wa tatu, wa pili na wa kwanza. Sina vidole viwili vinavyogombania nafasi. Ninachogombania ni muda. Nyuzi zikiwa karibu, shahada inaruka umbali mfupi, na mdundo unabaki imara hata wimbo ukienda kasi.”

Fundi anawapatanisha kwa kuonyesha kwamba hawabishani juu ya kitu kimoja. Anayedonoa kwa vidole vinne anatumia nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo anahitaji nafasi kati ya nyuzi. Anayedonoa kwa viwili anatumia kidole kimoja kwa nyuzi nyingi, hivyo anahitaji safari fupi. Daraja la 54 linamfaa wa pili. La 57 au 58 linamfaa wa kwanza. Wote wawili wanaweza kutumia nati ile ile ya 44.5 bila ugomvi.

Hoja ya tatu: unene na umbo la mgongo

Shingo ina mgongo, na mgongo ndio unaojaza kiganja. Kwenye freti ya kwanza unene wa kawaida, pamoja na ubao wa vidole, ni milimita 20 hadi 23. Umbo hutofautiana: mgongo wa mviringo mwepesi kama herufi C, mgongo uliojaa kama U, na mgongo wenye ukingo katikati kama V. Gitaa la klasiki huwa na mgongo uliolazwa, karibu na bapa.

Hapa tofauti ya mafunzo inaonekana waziwazi. Mwalimu huweka gumba la kushoto nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati. Kifundo cha mkono husogea mbele, vidole husimama wima, na shingo pana iliyolazwa hulipa gumba mahali pa kutulia. Mpigaji hufanya kinyume: gumba lake la kushoto hupanda juu ya ukingo wa shingo na kubana uzi wa sita, hasa kwenye kodi ya F. Njia hiyo huacha vidole vinne huru kwa ajili ya melodia. Merle Travis wa Kentucky, mmoja wa wadonoaji walioigwa zaidi nchini Marekani, naye alijulikana kwa gumba la namna hiyo.

“Mwalimu anasema mkono wangu umekaa vibaya,” Mpigaji analalamika. “Lakini nikiweka gumba nyuma, F inanilazimu nilaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Nyimbo za Katanga zinazunguka C, F na G. Nikilaza kidole kila mzunguko, baada ya nyimbo chache mkono umekwisha.”

Mwalimu anakubali nusu ya hoja. Gumba la juu si kosa. Ni chaguo linalotaka shingo ya aina yake. Juu ya shingo ya milimita 52, watu wengi hawawezi kulifikisha gumba kwenye uzi wa sita bila kukunja kifundo kwa nguvu, na kukunja kwa namna hiyo, kukirudiwa siku baada ya siku, huumiza kano. Kwa anayetaka gumba la juu, shingo ya 43 hadi 44.5 yenye mgongo wa C au V ni ya haki zaidi kwa mkono wake.

Fundi anatahadharisha dhidi ya imani kwamba shingo ikiwa nyembamba kwa unene basi ni rahisi. Shingo isiyojaza kiganja humfanya mtu abane zaidi ili aishike, na misuli iliyo chini ya gumba hukaza. Wenye viganja vikubwa mara nyingi hupumzika kwenye shingo nene kidogo. Anaongeza kwamba shingo nene inaweza kupunguzwa kwa msasa, lakini kwa kiasi: ndani ya shingo nyingi za gitaa la chuma kuna fimbo ya chuma ya kurekebisha mpindo, teknolojia ambayo kampuni ya magitaa ya Gibson ilipata hataza yake mwaka 1923, na anayechonga bila kujua kina chake huenda akaifikia.

Umbo la ubao wa vidole nalo lina nafasi. Wa klasiki ni bapa. Wa Martin umepinda kwa nusu kipenyo cha inchi 16, kama milimita 406. Wa Gibson kwa inchi 12, kama milimita 305. Ubao uliopinda humsaidia anayelaza kidole kubana kodi, kwa kuwa kidole chenyewe hakijanyooka kama rula. Ubao bapa humsaidia anayedonoa kwa vidole vitatu, kwa kuwa nyuzi zote hukaa kimo kimoja mbele ya kucha zake.

Hoja ya nne: urefu wa uzi

Fundi wa magitaa Antonio de Torres wa Hispania, aliyeishi kati ya 1817 na 1892, ndiye aliyeimarisha urefu wa milimita 650 ambao gitaa la klasiki linautumia hadi leo. Magitaa ya chuma hutumia 645 au 648 kwa marefu, na 628 au 632 kwa mafupi. Urefu huu huamua umbali wa freti. Kwa uzi wa milimita 650, kutoka nati hadi freti ya nne ni milimita 134. Kwa uzi wa 632 ni 130. Kwa mtoto wa sekondari au mtu mwenye kiganja kidogo, milimita nne katika kunyoosha kidole kidogo hadi freti ya nne si jambo dogo.

Urefu hugusa pia mkazo wa uzi. Nyuzi zilezile zikitiuniwa sauti ileile, uzi wa 632 hukazwa pungufu kwa takriban asilimia 5 kuliko wa 650. Nyuzi zilizolegea kidogo hubanwa kwa nguvu ndogo. Gharama yake ni kwamba huyumba zaidi, na mdonoaji mwenye mkono mzito husikia mlio wa uzi ukigonga freti.

Mpigaji ana jibu ambalo wazee walilitumia bila kununua gitaa fupi. Kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote juu ya freti moja, au kalamu ya risasi iliyofungwa kwa kamba juu ya freti kama walivyofanya wapigaji wengi wa vijijini, hufupisha uzi palepale. Kapo ikiwekwa freti ya pili kwenye gitaa la 650, urefu unaobaki ni milimita 579, na umbali wa freti nne unashuka hadi 119. Kapo pia hushusha kimo cha nyuzi karibu na mkono wa kushoto, kwa sababu nati iliyochongwa juu mno haina kazi tena. Mwalimu anakubali kwamba mwanafunzi mdogo aanze na kapo, kisha airudishe nyuma kidogo kidogo kadiri mkono unavyofunguka.

Hoja ya tano: kimo cha nyuzi na hewa ya Meru

Hapa Fundi anachukua uongozi wa mjadala, maana kasoro nyingi zinazodaiwa kuwa za shingo pana au nyembamba kumbe ni za kimo. Kwenye freti ya 12, gitaa la chuma la vidole hukaa vizuri likiwa na milimita 2.5 chini ya uzi wa sita na 2 chini ya wa kwanza. La nailoni huhitaji takriban 4 na 3, kwa kuwa nailoni hutikisika kwa upana zaidi. Nyuzi zikipanda milimita moja juu ya hapo, shingo yoyote itaonekana mbaya.

Kimo hakikai mahali pamoja mwaka mzima. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chini ya mlima unaozidi mita 4,500, na mlima huo hugawa mvua. Miteremko ya kusini na mashariki, kuanzia Tengeru hadi Usa River, hupata unyevu mwingi. Upande wa kaskazini, Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, hukaa kwenye kivuli cha mvua na ni mkavu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ubao wa juu wa gitaa hufyonza unyevu na kuvimba, daraja hunyanyuka, nyuzi hupanda. Miezi mikavu ya baada ya Juni ubao hushuka, nyuzi hukaribia freti na kuanza kunguruma, ubao wa vidole husinyaa, na ncha za freti hutokeza pembeni na kukwaruza mkono. Gitaa lililorekebishwa Tengeru mwezi Aprili na kupelekwa Ngarenanyuki mwezi Agosti litamfikia mpigaji likiwa na tabia nyingine.

“Mtu ananiletea gitaa mwezi wa tano,” anasema Fundi, “anataka nimnyooshee shingo. Ninabana uzi wa sita freti ya kwanza na ya 14, kisha natazama katikati. Uwazi ukiwa kama unene wa karatasi mbili, shingo ni nzima. Kilichopanda ni ubao. Fimbo ya ndani haishushi ubao uliovimba. Ninatia mfupa wa daraja mfupi kidogo na kuuweka ule wa zamani kwenye bahasha, aurudishie kiangazi.”

Kosa kubwa kuliko yote ni kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani. Seti ya nailoni huvuta kwa nguvu ya kama kilo 40 kwa jumla. Seti nyepesi ya chuma huzidi kilo 70. Magitaa mengi ya klasiki hayana fimbo ya chuma ndani ya shingo. Shingo hupinda mbele, daraja hung'oka, na mwenye gitaa hubaki akiamini kwamba shingo pana ni ngumu kupiga. Hapa sauti zote tatu zinasema neno moja: nailoni kwa gitaa la nailoni, chuma kwa gitaa la chuma.

Hoja ya sita: mbao za nyumbani

Suala la mwisho ni kama shingo inayofaa mkono inaweza kutoka Tanzania. Viwanda vingi vya magitaa duniani vinatumia mbao za jamii ya mkangazi kwa shingo, kwa sababu ni mti wa uzito wa wastani usiopinda ovyo ukikaushwa vizuri. Mpingo, unaojulikana zaidi kwa klarineti na kwa vinyago, hufaa ubao wa vidole: ni mgumu, hauliwi haraka na nyuzi, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukuaji wake ni wa polepole mno, ndiyo sababu mradi wa kuuhifadhi ulioanzishwa Moshi mwaka 1996 na Sebastian Chuwa pamoja na James Harris ulijikita katika kupanda miche na kuelimisha jamii.

Mwalimu anaona faida kubwa katika jambo hili. Gitaa la dukani huja na kipimo cha kiwanda. Gitaa la fundi huja na kipimo cha mkono. Mpigaji anaongeza kwamba mtindo wa gumba na shahada haujawahi kutengenezewa gitaa lake: wapigaji walichukua chochote kilichofika na kukizoea. Fundi anakubali, ila anasisitiza ukaushaji. Mbao iliyokatwa masika na kuchongwa kabla ya kukauka itageuka shingo iliyopinda kabla ya mwaka kwisha.

Uamuzi

Baada ya hoja sita, hakuna upande ulioshinda hoja zote. Vipimo vinavyofaa hufuata namna ya kudonoa na ukubwa wa kiganja, kwa mpangilio huu.

Anayedonoa kwa gumba na vidole vitatu, gumba la kushoto likiwa nyuma ya shingo, apendelee nati ya milimita 46 hadi 52, daraja la 57 au 58, na mgongo uliolazwa. Anayedonoa kwa gumba na shahada, na kupandisha gumba la kushoto juu ya shingo, apendelee nati ya 43 hadi 44.5, daraja la karibu 54, na mgongo wa C au V. Ambaye bado hajajua mtindo wake achukue nati ya 44.5 na daraja la 55 hadi 56, maana shingo hiyo haimfungii mlango wowote. Mwenye kiganja kidogo atafute uzi wa milimita 628 hadi 632, au atumie kapo.

Anayenunua gitaa lililotumika aende na rula ya milimita. Apime nati, kisha daraja, kisha kimo kwenye freti ya 12, na atazame mpindo wa shingo kwa kubana uzi kama alivyoeleza Fundi. Apige kwa muda wa kutosha, akiwa amekaa kama anavyokaa kawaida, hadi mkono uzungumze. Gitaa likikataa, kimo kirekebishwe kwanza, nati ifuate, na shingo ilaumiwe mwisho.

Walimu nao wana wajibu wao. Mwanafunzi anayesema shingo inamuumiza asiambiwe avumilie kabla gitaa lake halijapimwa. Maumivu ya ncha za vidole hupita kadiri ngozi inavyokomaa. Maumivu ya kifundo na ya misuli ya gumba ni dalili kwamba kipimo au mkao haufai, na hayo hayatakiwi kuzoewa.